Maji ya Mjane, Maji ya Mke

Mama yangu hakuwa mtu wa kesi. Watu wakisikia kwamba alifika Mahakama Kuu, hudhani alikuwa mwanamke wa kusimama kwenye mikutano na kunyooshea wenzake vidole. Hata kidogo. Alikuwa mtu wa kuamka, kukama, kukata majani ya ng'ombe, kwenda misa na kunyamaza. Mwenye mdomo nyumbani kwetu ni mimi, na mpaka leo sijapona. Lakini wakati ule mimi nilikuwa mjini, nimepanga chumba Rau, nauza mitumba Kiboriloni, na yaliyompata yalimpata akiwa peke yake huko juu Kilema.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alituacha wasichana wawili, mimi na mdogo wangu aliyekuwa shule ya bweni, na kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chenye kahawa, migomba, na chini kabisa kipande cha bustani. Kahawa ilikuwa imeshatuvunja moyo, bei imeanguka na malipo yanakuja kwa kusuasua. Kilichomlisha mama na kumweka mdogo wangu shuleni ni bustani ile: kabichi, nyanya na karoti za kushusha sokoni. Na bustani ya kiangazi bila maji ni kiwanja tu.

Maji yetu yalitoka kwenye mfongo, mfereji waliouchimba mababu kutoka mtoni kule juu karibu na msitu. Unapita kihamba kwa kihamba, na kila nyumba ina zamu yake. Kiangazi kile zamu yetu ilifika, maji hayakufika. Mama akapanda mpaka pale tawi letu linapoachana na mfongo mkubwa, akakuta pamezibwa kwa tope na gogo la mgomba. Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mfongo. Mwenyekiti huyo alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, na nyumba yake iko upande wa pili wa ua.

"Shemeji," baba mdogo akamwambia, "asiyechimba hapati zamu. Hii si sheria yangu, tumeikuta."

Hapo sina budi kueleza kidogo. Kila mwaka masika yakiisha, mto unakuwa umelibomoa banio, yaani pale maji yanapokingwa yaingie kwenye mfongo. Wanaume wanapanda na majembe kulijenga upya, na kila nyumba lazima itoe jembe moja. Sheria inaishia hapo, na ukiisikia hivyo unaona haimbagui mtu. Ila mwanamke hakanyagi kwenye banio. Ni mwiko wa tangu enzi, wanasema mto unaona vibaya na kuhama. Nilipokuwa mdogo niliuliza mto unajuaje kwamba aliyekanyaga ni mwanamke, nikapata kofi ambalo shavu langu linalikumbuka. Basi, sheria inasema uchimbe, na desturi inasema usithubutu kwenda kuchimba. Ziweke pamoja hizo mbili uone nani anabaki nje. Mwanamke mwenye mume habaki nje. Mjane mwenye mtoto wa kiume mkubwa habaki nje. Anabaki mama yangu.

Baba mdogo alikuwa na suluhisho lake. Zamu isomwe kwa jina lake, yeye atachimba kwa niaba ya nyumba zote mbili. Na kwa kuwa maji yatakuwa ya jina lake, bustani ile ya chini ataisimamia yeye, kwa ajili yetu watoto. Alisema hivyo kwa upole, na naamini alijiona mtu mwema. Mimi niliposikia damu ilinichemka. Leo zamu, kesho bustani, keshokutwa mama anaomba ruhusa ya kukata mkungu wa ndizi kwenye kihamba alichokilima tangu aolewe.

Mama alijaribu njia nyingine kabla hajaniambia chochote. Iko desturi kwamba mwanamume anayefanya kazi mbali, Dar, Arusha au hata hapo Bomang'ombe tu, asipoweza kuja kuchimba, nyumba yake inapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wachimbaji, na mbege hiyo inahesabiwa kama jembe. Mama akapika mbege. Akachemsha ndizi zilizoiva, akaandaa ulezi na maganda machungu ya msesewe, akakoroga, akangoja, akapeleka. Ikarudishwa jioni ile ile, haijaguswa. Kwetu kumrudishia mtu mbege ni kitu kizito, afadhali akutukane. Kesho yake akashuka Rau, akakaa kitandani kwangu na kanga yake ya kutokea, hata chai hakuigusa.

"Nataka kushtaki," akasema.

Nilitaka kucheka, kisha nikamwangalia usoni nikaacha.

Tukaanza na mahakama ya mwanzo, na tuliiharibu wenyewe. Tulidhani mtu anashinda kesi kwa kuonyesha alivyoumia. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilibeba kabichi zilizonyauka kwenye mfuko nikazipanga mezani mbele ya hakimu na wazee wa baraza. Hakimu akazitazama, akaniambia, "Binti, hizi siwezi kuziapisha." Watu wakaangua kicheko. Mama akaeleza ukame, ng'ombe aliyepungua maziwa, migomba iliyokunjamana. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma kabisa. Halafu hakimu akauliza swali moja, na lilikuwa swali zuri, hilo nampa.

"Mama, sheria ya mfongo ni asiyechimba hapati. Yuko mtu mwingine asiyechimba, na anapata?"

Yuko. Kila aliyekuwa mle ndani alimjua. Nyumba ya juu yetu ni ya dereva wa lori wa kwenda Tunduma, aliyehamia Dar miaka mingi na kurudi Krismasi tu na mkate wa mjini. Jembe la banio hajalishika tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mke wake anapata maji bila shida, kwa mfongo ule ule tuliokatiwa sisi, na siku hiyo alikuwa amekaa benchi la nyuma, amekuja kusikiliza.

Mama akatazama sakafu. "Mheshimiwa," akasema, "mimi nimekuja na shida yangu. Sikuja kutaja vya watu."

Tukashindwa. Njiani nilimjia juu mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Nikamwambia amepewa mlango wazi na ameufunga kwa mkono wake. Aliniacha niseme mpaka niishiwe. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, kwetu mtu anayenyoosha kidole kwenye kilichomo kibandani kwa jirani ana husuda, na jina hilo likikushika halikutoki. La pili, wanakamati wakiona aibu, njia rahisi ya kuwa sawa si kumfungulia yeye maji, ni kumfungia na mke wa dereva. "Nitakuwa nimepata nini?" akaniuliza. "Tutakuwa wawili wenye kiu."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini mama alikuwa ameweka ngumu. Mteja wangu mmoja wa mitumba alinielekeza kwa wakili, mwanamke kijana, aliyekuwa akisaidia wanawake bila malipo kwenye chumba cha kuazima mjini Moshi. Mama akavaa kanga yake ya kutokea, tukaenda.

Wakili alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema katiba ya nchi inakataza watu walio katika hali moja kutendewa tofauti, na Mahakama Kuu inaweza kulisikiliza jambo hili kama haki ya binadamu na si ugomvi wa mfereji. Ila ubaguzi, akasema, hauthibitishwi kwa machozi.

"Mama, ukimnyima mtoto uji, nani atajua kama umemnyima au uji haupo? Anayepita nje atajuaje? Atajua akimwona mwenzake wa umri ule ule, kwenye meza ile ile, anakunywa. Nionyeshe anayekunywa. Ukishamwonyesha, kazi yako imekwisha. Anayetakiwa kusema kwa nini ni mwenye sufuria."

"Hakuna njia nyingine?" mama akauliza.

"Ipo," wakili akasema. "Ya kushindwa."

Wakili akafungua kesi, na baada ya wiki kadhaa ikapangiwa siku ya Jumatano. Jumapili ya kabla yake, baada ya misa, mama alinikuta nyumbani akaniambia nimfuate. Alipita kwenye ua, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Nikasimama. Isale kwetu si jani la kuchezea. Linapandwa mipakani, na anayekuja kwako ameshika isale amekuja kukiri kosa na kuomba radhi. Hata kama alikuvunjia nyumba, ukiliona hilo jani mkononi mwake huna ruhusa ya kumfukuza. Nilijua kila aliyewahi kumkosea mama, na orodha hiyo haikuwa fupi, lakini sikujua yeye amemkosea nani.

Tukapanda kwa mke wa dereva. Tulimkuta anakatakata majani ya ng'ombe mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye mkono wa mama. Kisu kikasimama.

"Dada," akasema, "umenikosea nini?"

"Bado," mama akasema. "Nitakukosea Jumatano."

Akamweleza. Hakupamba neno hata moja. Akamwambia atasimama mbele ya jaji, atasema nyumba hii haichimbi na inapata maji, na mbege ya nyumba hii inapokelewa na yake inarudishwa. Akamwambia hamwonei wivu, na kwamba angekuwa na njia nyingine angeipita. Akamwambia pia kwamba anaweza kumponza, analijua hilo, na ndiyo maana amekuja kabla.

Yule mama alikasirika, na haki yake. Alisema wameazimana chumvi na moto tangu walipoolewa, leo anafanywa ushahidi. Alisema mume wake akisikia atamshukia kama mvua ya mawe. Alisema mengi, mama akiwa amesimama tu na jani lake mkononi. Mwishowe akanyoosha mkono akalichukua.

"Nimepokea," akasema. "Sijasema nimefurahi."

Hakutukaribisha kukaa. Kurudi chini mama alitembea mbele yangu. Sikusema kitu, na wanaonijua wataelewa hiyo ilinigharimu kiasi gani.

Jumatano tulishuka Moshi asubuhi. Baba mdogo alikuwa ameshafika, koti limepigwa pasi, wazee wawili wa kamati pembeni yake. Hawakuweka wakili, kwa sababu baba mdogo alisema hajawahi kumkodi mtu amsemee. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza biashara inaendaje. Kwetu mnaweza kushtakiana na mkasalimiana vizuri tu. Mke wa dereva naye alikuja, peke yake, akakaa upande wa kamati. Nikaona tumekwisha.

Mama alisimama, akaapa, na safari hii alisema. Sauti ilikuwa ndogo, jaji akamwomba arudie, akarudia kwa nguvu. Alimtaja jirani yake, akataja jembe lisiloonekana, akataja mbege inayopokelewa. Hakulia. Alipomaliza hakutazama upande wa kamati.

Kisha akaitwa baba mdogo. Yeye hakuwa mwongo, hilo lazima niliseme, na pengine ndilo lililotuokoa. Alisimama wima akasema sheria ni moja kwa wote, asiyechimba hapati.

"Huyu dereva amechimba lini mara ya mwisho?" wakili wetu akauliza.

"Huyo analeta mbege."

"Mlalamikaji naye alileta mbege?"

"Alileta. Tuliirudisha."

"Ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Shemeji anapika mbege nzuri." Watu wakacheka kidogo, na yeye akatabasamu. "Lakini ile ya mwenzake ni ya mume. Mume yuko kazini, mbege inasimama badala yake. Hii ya shemeji ni ya nani?"

Wakili akafungua mdomo aulize zaidi, jaji akamzuia kwa mkono. Alikuwa mzee mwembamba, tangu asubuhi alikuwa akiandika tu. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, nielewe vizuri. Wanawake hawa wawili, wote hawaendi kwenye banio?"

"Hawaendi, mheshimiwa. Ni mwiko."

"Wote wanapika mbege?"

"Wanapika."

"Huyo dereva akifa kesho, Mungu aepushie mbali, mbege ya mke wake mtaipokea?"

Baba mdogo akafikiri. Nilimwona akifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni na hataki kumpoteza.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Tutamwambia atafute mwanamume wa kumsimamia."

Hakujua alichokisema. Kwake lilikuwa jibu la kawaida, la kila siku, lisilo na ubaya kwa mtu. Wazee wenzake walitikisa vichwa kukubali. Jaji akaokota kalamu akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mama kwa nguvu hata akanipiga kofi la chinichini nimwachie.

Mahakama ikaahirishwa mpaka mchana. Nje tulisimama kwenye kivuli cha ukuta, tunagawana maandazi, mke wa dereva akaja. Alikuja kwa hatua za mtu anayekwenda kudai kitu chake. Nikajiandaa kumtetea mama.

"Mimi ningeambiwa lini?" akamwuliza mama. "Eti? Ningeambiwa lini? Msibani?"

Mama akamkatia andazi.

"Nimeolewa pale nikiwa na miaka kumi na minane," yule mama akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Yule mume hajui hata siku ya kuchimba. Ndizi zangu. Ulezi nanunua mimi. Kuni mimi. Miaka yote najua ni maji yangu, kumbe ya kuazima." Akajifuta na ncha ya kanga, akala andazi lote, akamfuata wakili.

Mchana aliapishwa. Alisema yote yale aliyotuambia, ila bila machozi. Alisema mbege iliyokuwa ikisimama badala ya mume wake hajawahi kuigharimia wala kuijua mume wake, na kwamba kati yake na mlalamikaji hakuna tofauti ya kazi, ya jasho, wala ya mbege.

Jaji akamwuliza, kwa upole, kama anafahamu kwamba maneno hayo yanaweza kumletea matatizo kwenye zamu yake.

"Nimeshanyimwa, mheshimiwa," akasema. "Umesikia mwenyewe asubuhi. Wanachongojea ni kifo tu."

Baba mdogo alikuwa anatazama viatu vyake. Nimemchukia baba mdogo kwa mengi, lakini saa ile nilimwona kwa mara ya kwanza akisikia kitu alichokuwa akikisema maisha yake yote, na nikamwonea huruma, ingawa sikutaka.

Hukumu ilichukua muda, ikaja. Jaji alisema kamati imeshindwa kueleza tofauti yoyote kati ya wanawake hao wawili isipokuwa kwamba mmoja ana mume anayepumua, na hiyo si sababu ambayo katiba inaweza kuikubali. Zamu ya mama irudishwe, kwa jina lake mwenyewe, kwa masharti yale yale wanayopewa wasiochimba. Na mwanamke mwingine yeyote wa mfongo ule asikatiwe maji kwa sababu ya kufiwa.

Masika yaliyofuata yalipoisha, banio lilikuwa limebomoka kama kawaida, na wanaume wakapanda. Mimi nilikuwa nyumbani siku hiyo, nilifunga meza yangu Kiboriloni makusudi. Mchana walishuka mpaka pale mfongo unapokatiza njia, ambapo mbege hupokelewa. Desturi inataka mwenyekiti aulize kila mbege ni ya nani, na atangaze kwa sauti ili wachimbaji wajue wanakunywa jasho la nani.

Mama akatua yake. Akachota kwa kata, akaonja kwanza yeye kama inavyotakiwa, akamkabidhi baba mdogo. Baba mdogo akaishika kata kwa mikono miwili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu," mama akasema.

Baba mdogo akageuka akalitangaza jina la mama, lake la ubatizo, ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja. Akanywa. Kisha akamgeukia mke wa dereva aliyekuwa ametua ya kwake pembeni, na kwa mazoea akageuka tena kwa wanaume na kuanza kutangaza, "Na hii ni ya dereva wetu wa Dar..."

"Dereva yuko Dar," yule mama akamkatiza. "Mzima, anakusalimu. Hii ni yangu."